Wawili Kwenye Daftari

Zamani watu wakiniona nasukuma mtumbwi na mbwa amekaa ndani walikuwa wanauliza swali lile lile: mbwa anatafuta nini ziwani? Nilichoka kulijibu. Nyie mnapoenda shamba na redio, redio inakwenda kulima? Lakini kwa kuwa habari yangu imeshafika mpaka Ikola, na kila mtu anaisimulia anavyotaka yeye, nitaisema mwenyewe mara moja, halafu mniache nipumzike.

Naitwa Cyriaque, hapa Kapalamsenga wananiita Baba Claude. Nimekulia makazini, kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Wazazi wangu walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na karatasi yangu ya uraia ninayo, nimeiviringisha kwenye nailoni ikae salama. Mke wangu Joséline yuko kule na shamba. Mimi niliteremka ziwani miaka saba iliyopita kwa sababu mgongo ulikataa jembe, na nikakuta kwamba kafi nalo linataka mgongo ule ule. Hilo hakuna aliyeniambia mapema.

Mtumbwi wangu ni mdogo, wa mbao, wa watu wawili. Navua kwa mshipi na ndoano, mchana, karibu na miamba, natafuta kuhe na migebuka. Mtu mmoja akikaa nyuma peke yake, mbele kunanyanyuka, na upepo mdogo tu unaugeuza mtumbwi unavyotaka. Halafu sikio langu la kulia lilikufa siku nyingi. Boti ya injini ikija upande huo siisikii mpaka mawimbi yake yanirushe. Kwa hiyo Tomi alikuwa anakaa mbele, uzito na sikio kwa pamoja. Ndiyo, anaitwa Tomi. Mbwa wa huku nusu wanaitwa Tomi na nusu wanaitwa Simba, sikuona sababu ya kujisumbua.

Kumfundisha kulinichukua mwaka mzima na matusi mengi. Siku ya kwanza aliruka majini kumfuata ndege mnandi, nikamvuta kwa ngozi ya shingo. Siku ya pili alikula chambo chote. Siku nyingine ndoano ilimshika mdomo, tukarudi nyumbani wote tumelowa damu, na tangu hapo ndoano zangu zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Nilimtandikia gunia ili kucha zisiteleze. Simfungi kamba, maana mtumbwi ukipinduka kamba itakwenda naye chini. Na nilimfundisha jambo moja kuliko yote: asiruke. Hata aone ndege, hata nimwite nikiwa ufukweni, asitoke kwenye mtumbwi mpaka niushike mimi kwa mkono. Wavuvi walinionya kwamba mbwa anaita mamba. Niliwajibu kwamba mamba akija mbwa ataniambia, nyie mtanyamaza.

Sasa tuje kwenye daftari. Mwaka juzi kuna watu wawili walizama hapa, kila mmoja siku yake, na kila mmoja alikuwa peke yake. Kamati ya mwalo, yaani ya ufukwe huu tunakotokea wavuvi wote, ikakaa ikapitisha kwamba hakuna mtumbwi kutoka na mtu mmoja. Katibu wetu, Kalisti, akanunua daftari kubwa, na kila alfajiri anakaa kwenye banda na tochi anaandika majina ya wanaotoka. Kalisti ni Mbende wa hapa hapa, mtu mrefu asiyejua kukasirika. Mimi alikuwa ananiita Raia Mpya, na mimi nikimwita Raia Mkweche, ndivyo tulivyoishi.

Tangu hapo mwenzangu wa kwenye mtumbwi alikuwa Egide, mtoto wa baba yangu mdogo, anakaa mbele na Tomi miguuni pake. Mpole, mvivu kidogo, haongei. Mwezi wa saba alipanda kwenda Mishamo, akasema wiki mbili. Wiki mbili zikapita, akapiga simu: "Kaka, sirudi. Nimeshamwaga mbegu za tumbaku kwenye kitalu." Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini?

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya Kalisti, akaniuliza kama kawaida, "Wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Mimi na Egide."

Akaandika. Kibanda changu kiko ng'ambo ya kijito, nyuma ya matete, na mtumbwi nasukumia huko huko, kwa hiyo hakuna aliyeona. Waliouliza Egide yuko wapi mbona haonekani, niliwajibu anaumwa tumbo, au amelala, na kwa Egide majibu hayo yote yanaaminika. Nikaenda hivyo wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

Mtasema nilikuwa mwongo. Nilikuwa. Lakini mnielewe pia nilivyolelewa. Kule makazini jina lilikuwa kitu kizito. Baba yangu mdogo mmoja alikwenda Kigoma akapotelea huko, na baba alilibakiza jina lake kwenye orodha ya nyumba yetu miaka sita. Kila akija mtu wa kuhesabu, anaambiwa huyu ametoka kidogo, anarudi. Ukimfuta mtu, siku akirudi atakaa wapi? Hakuna pale nyumbani aliyeona kwamba tunadanganya. Jina lilikuwa linamshikia mtu nafasi yake. Kwa hiyo kumwandikisha Egide hakukuninyima usingizi hata usiku mmoja.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeshapata kuhe wawili wa maana na wa tatu yuko kwenye mshipi, anavuta. Tomi akasimama kwenye gunia lake, akatazama kusini, akabweka. Nikamwambia kaa. Akakaa, akasimama tena, akabweka tena. Nikamwambia nyamaza, huoni nina kazi? Akanyamaza, kwa kuwa ni mbwa mtiifu. Huyu ndiye niliyemchukua awe sikio langu, na siku aliposikia nikamnyamazisha kwa sababu ya samaki.

Upepo ulipofika sikupata hata muda wa kukusanya mshipi. Wimbi la kwanza lilijaza maji, la pili likatupindua. Nilipoibuka nilikuwa nimeshika mtumbwi ukiwa umelala kifudifudi, na Tomi anazunguka anaogelea, macho yamemtoka. Nikamkamata, nikamsukuma juu ya mgongo wa mtumbwi. Akalala hapo kwa tumbo, kucha zimeng'ang'ania ubao. Kafi lilikwenda, kopo likaenda, samaki nao wakarudi kwao.

Tulisukumwa kuelekea kaskazini, sijui muda gani. Mikono ilianza kuniachia. Kisha nikaona miamba ya rasi inakuja upande wa kulia, na nikaona kwamba mtumbwi utaipita kwa mbali kidogo na baada ya hapo ni ziwa tupu. Nikamwambia Tomi twende. Nikauachia mtumbwi nikaogelea. Nilipogeuka, alikuwa bado pale juu. Nikamwita. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akatingisha mkia, na hakuruka. Nilimwita mpaka maji yakaniingia kooni. Hakuruka, kwa sababu miaka minne nilikuwa namfundisha asiruke mpaka niushike mtumbwi kwa mkono wangu.

Nilifika kwenye miamba nikatapika. Nikapanda juu nikatazama, na mtumbwi ulikuwa doa jeusi linalopanda na kushuka. Hapo nililia, sifichi. Nina miaka hamsini na sita, nimezika wazazi na mtoto mmoja, na nililia kwa ajili ya mbwa.

Nikatembea kurudi, peku, kwenye mawe na miiba. Nilipofika mwaloni ilikuwa saa saba mchana na watu wamejaa. Upepo ulipoanza mitumbwi yote ilikimbilia nchi kavu, na Kalisti alikuwa amepitia daftari lake jina kwa jina. Wote walirudi isipokuwa mstari mmoja: Cyriaque, Egide. Walikuwa wameshaandaa boti ya injini ya Optatus. Waliponiona, Kalisti alikuja mbio akanikumbatia na maji yangu yote, na yeye sio mtu wa kukumbatia.

"Egide yuko wapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema, "Egide yuko Mishamo, niliyemwacha ziwani ni mbwa," na wangenitukana, na Optatus angezima injini. Hakuna mtu anayechoma mafuta na kuingia kwenye mawimbi yale kwa ajili ya mbwa. Mimi mwenyewe nisingeingia kwa ajili ya mbwa wa mwenzangu. Nililijua hilo vizuri, na nilikuwa nimechoka, na bado naona kile kichwa kimenyanyuka juu ya ubao.

Nikasema, "Ameng'ang'ania mtumbwi. Umepita rasi, unaelekea kaskazini."

"Anaogelea?"

"Kidogo sana," nikasema.

Wakaondoka watatu: Kalisti, Optatus mwenye boti, na Stanslaus fundi wa injini. Boti ilipovuka mawimbi ya kwanza ilisimama wima, nikadhani inapinduka kwa nyuma. Haikupinduka.

Prisila, mke wa Optatus, ana kibanda cha chai pale mwaloni. Alinikalisha karibu na moto, akanivua shati nililokuwa nalo, akanivalisha shati la mume wake. Akanipa uji. Akawa ananishikia kikombe mwenyewe.

"Pole, Baba Claude," akawa anasema. "Mungu yupo, watampata. Egide mtoto mzuri yule. Alikuwa akija hapa hadai chochote, anakunywa chai anaondoka."

Nikanywa uji.

Baada ya kama saa nzima akaja na simu yake. "Nipe namba ya mama yake. Mzazi asije akasikia kwa watu wa barabarani. Nitaongea naye mimi, taratibu, kama mama kwa mama."

"Namba ilikuwa kwenye simu yangu," nikamwambia. "Simu imezama."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini namba ya mama yake Egide naijua kwa kichwa miaka yote. Prisila akasema basi, akauliza watu wengine kama kuna mwenye ndugu Mishamo. Kina mama wawili wakaanza kupiga simu kwa watu wao. Nikawaona wanapiga, mtandao unakata, wanapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, wanapiga tena. Nikaomba mtandao uendelee kukata.

Saa tisa ikapita. Saa kumi. Upepo ulikuwa haupungui. Prisila aliacha kuniambia Mungu yupo. Alikuwa anakwenda ukingoni, anasimama, anarudi anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Mara ya nne aliporudi akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Mafuta waliyobeba yanatosha muda gani?"

Nikamwambia sijui. Akakaa chini, akajifunika kitenge mabegani, akatazama maji. Mimi nilikuwa nimevaa shati la mume wake. Nilijua kwamba ni lazima niseme, na nilijua pia kwamba nikisema sasa haitasaidia, maana hakuna wa kwenda kuwarudisha. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa macho ya yule mama, na tena, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nasubiri mbwa wangu.

Jua lilikuwa linakaribia milima ya Kongo walipoonekana. Hakukuwa na sauti ya injini. Walikuwa wanapiga kafi, na mmoja anatumia ubao wa kukalia. Nyuma yao wamefunga mtumbwi wangu kwa kamba. Tuliingia majini tukavuta boti. Prisila alimshika Optatus mkono, hakuuachia. Stanslaus viganja vilikuwa vimechunika vyote viwili. Kalisti midomo ilikuwa imemgeuka rangi, hakuweza kusimama, tukamteremsha.

Na katikati ya boti, chini, kwenye koti la Kalisti, alikuwa Tomi.

Aliniona. Hakuruka. Akasubiri, anatetemeka mwili mzima, mpaka nikaweka mkono wangu kwenye ubao wa boti. Ndipo akatoka.

Kalisti alikaa kwenye mchanga. Alipopata pumzi akanitafuta kwa macho, akaninyooshea mkono niiname, akanisemea kwenye sikio langu zima.

"Utusamehe, ndugu yangu. Tumeshindwa. Egide hatukumwona."

Nikabaki nimeinama.

"Tulikuta mtumbwi na mbwa juu," akaendelea. "Nikasema labda amenasa chini, kwenye kamba ya mshipi. Nikazama. Mara tatu, Cyriaque. Nikapapasa kote, sikumkuta. Halafu injini ikaingia maji, ikazima."

Optatus akasema, "Mimi nilitaka tumwache huyu mbwa, tunapoteza muda wa mtu. Kalisti akakataa. Akasema Raia Mpya amempoteza ndugu, angalau tumpelekee mbwa."

"Kesho alfajiri tunatoka tena," Stanslaus akasema, anavitazama viganja vyake. "Tutaazima injini."

Hawa watu walikuwa wananiomba radhi. Nimeishi nao miaka saba, wamenitania uraia wangu, wamekula samaki wangu, na sasa wamekaa kwenye mchanga wamekwisha kabisa, wananiomba mimi radhi. Nisingeweza kubeba hata neno moja zaidi.

"Kesho msitoke," nikasema. "Egide yuko Mishamo. Yuko huko tangu mwezi wa saba. Kwenye mtumbwi nilikuwa na mbwa."

Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nasubiri mtu anipige, ingekuwa nafuu. Nilisikia Tomi anajilamba miguu. Kalisti alikuwa ananitazama kama anayejaribu kusoma bila miwani.

"Nilizama mara tatu," akasema. "Nilikuwa namtafuta nani?"

"Hakuna mtu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akashika bega la Stanslaus, akanyanyuka. Wakaondoka pamoja. Nikaanza kuvua shati la Optatus ili nilirudishe, vifungo vinanishinda. Prisila akanitazama. "Vaa," akasema. "Sitaki mtu mwingine apate baridi hapa leo." Kisha akaingia kwenye kibanda chake akaanza kukusanya vikombe.

Kamati ilinifungia miezi miwili nisiingie ziwani. Haikuwa adhabu kubwa, na nadhani walinionea huruma. Miezi miwili ilipokwisha nilikwenda bandani alfajiri. Kalisti aliniuliza, "Wangapi, Baba Claude?" Raia Mpya ilikuwa imekwisha. Nikasema niko mwenyewe. Akafunga daftari, taratibu tu, akamwita aliyefuata. Nimetafuta mwenzangu wa kukaa naye kwenye mtumbwi na sijampata. Wananisalimia, wananiuliza hali, na kila mmoja ana mtu wake tayari. Sasa navua juu ya miamba, napata visamaki vya mboga, na Tomi analala kwenye gunia lake karibu nami. Ningeweza kupanda kwenda kwa Joséline. Nasema kila wiki kwamba nitapanda.

Ingeishia hapo ningeimudu. Lakini mwezi wa kwanza kulipiga upepo mwingine, mchana, wa ghafla. Nilikuwa pale mwaloni, nawashonea watu nyavu zao. Evaline, mke wa kijana mmoja anayeitwa Kelvin, alikuja anakimbia, kanga inamdondoka, akafika bandani kwa Kalisti akasema mume wake hajarudi, yeye na mwenzake, na wenzao wameuona mtumbwi ukipinduka.

Kalisti alichukua daftari. Alitafuta ukurasa, akaona mstari, kidole kikasimama pale. Optatus alikuwa ameshashika kamba ya boti, anasubiri aambiwe.

"Una hakika walikuwa wawili?" Kalisti akamwuliza.

Yule mama hakuelewa. "Wawili, ndiyo," akasema.

"Huyu mwenzake umemwona kwa macho yako leo? Akipanda?"

Akaanza kueleza kwamba alikuwa jikoni, kwamba alisikia sauti zao, kwamba wanatoka pamoja kila siku. Kalisti akamwuliza tena, kwa upole; kabla ya Egide wangu hakuwahi kumwuliza mtu hivyo. Akatuma mtu nyumbani kwa huyo mwenzake akaulize kama yupo. Evaline akaanza kulia, anasema, "Kwani nyie mnaniuliza nini, mume wangu yuko majini," na wote pale, Optatus, Stanslaus, kina mama wa dagaa, waliangalia chini, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.

Yule aliyetumwa akarudi akasema kweli, wametoka wawili. Boti ikaondoka. Waliwakuta wote wazima, wamekaa juu ya mtumbwi wao, na jioni watu walikunywa chai kwa Prisila wakicheka. Wanasema kule kusubiri hakukudhuru kitu, kulikuwa kidogo tu. Mimi nilikuwa pale na wavu mkononi, na muda wote wa maswali yale boti ilikuwa bado imefungwa.